"BAADA YA" NA "KWA SABABU YA": UHAKIKI WA MADAI YA KIMOLEKULI KUHUSU KIFAFA KINACHOFUATA JERAHA LA UBONGO

1.0 Utangulizi

Kifafa kinachofuata jeraha la ubongo ni ugonjwa wenye tarehe mbili. Tarehe ya kwanza hujulikana: ni siku mtu alipoanguka kutoka kwenye pikipiki, alipogongwa na gari, au alipopigwa risasi ya kichwa. Tarehe ya pili haijulikani mpaka ifike: ni siku anapopata mshtuko wa kwanza usio na kichocheo cha karibu. Kati ya tarehe hizo mbili zinaweza kupita wiki, miezi au miaka. Mgonjwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, kidonda kimefunga, nywele zimeota kando ya kovu, na jamaa wamekwisha kumshukuru Mungu kwamba amepona. Mshtuko unapokuja, wengi hawaukumbuki tena ule mwanzo. Katika jamii zetu nafasi hiyo tupu hujazwa haraka na maelezo mengine: amerogwa, amepandwa na mashetani, au ukoo wao una ugonjwa huo.

Sayansi nayo imejaribu kuijaza nafasi hiyo. Tangu miaka ya 1970 watafiti wametaja chuma kinachotoka kwenye damu, protini zinazovuja kutoka kwenye mishipa, inflamesheni, vipokezi vya ukuaji wa seli za neva, na mengine mengi. Makala hii haikusudii kuyaorodhesha yote. Inakusudia kuhakiki namna madai hayo yanavyojengwa. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya maandiko haya huchanganya kile kilichotokea *baada ya* jeraha na kile kilicholeta kifafa *kwa sababu ya* jeraha. Mchanganyiko huo huzaa mwingine: kuchukulia kuwa kutuliza mshtuko na kuzuia kifafa ni jambo moja. Hili si suala la ufasaha wa lugha peke yake. Ndilo linaloamua ni dawa gani ijaribiwe kwa binadamu, itolewe lini, kwa muda gani, na ni ahadi gani daktari anaweza kumpa mgonjwa.

2.0 Istilahi na uzito wake

2.1 Mshtuko wa mapema na mshtuko wa baadaye

Wataalamu hutofautisha mshtuko unaotokea ndani ya siku 7 za kwanza baada ya jeraha na ule unaotokea baada ya hapo. Wa kwanza ni mwitiko wa ubongo ulioumia: kuna uvimbe, damu iliyomwagika, na chumvi za mwili zilizovurugika. Wa pili hauna kichocheo cha karibu. Ni dalili kwamba ubongo wenyewe umebadilika na sasa una uwezo wa kuzalisha mshtuko pasipo kuchokozwa. Mtu anaweza kupata wa kwanza asipate wa pili kamwe, na anaweza kupata wa pili bila kuwahi kupata wa kwanza. Kwa hiyo, ushahidi unaohusu mmoja hauwezi kuhamishiwa kwa mwingine bila uthibitisho.

2.2 "Kipindi cha kimya"

Muda ulio kati ya jeraha na mshtuko wa baadaye umezoeleka kuitwa kipindi cha kimya. Jina hili lina kasoro. Kilicho kimya ni dalili za nje tu. Ndani, jeni zinawashwa na kuzimwa, seli zinakufa, sinapsi zinapangwa upya. Wengine wamekifananisha na uatamizi, kama yai linalongoja kuanguliwa. Jina hilo nalo lina kasoro, tena kubwa zaidi, kwa kuwa linaahidi kwamba kifaranga lazima kitoke.

Takwimu zinakanusha ahadi hiyo. Annegers na wenzake (1998) walifuatilia watu 4,541 waliopata majeraha ya ubongo huko Minnesota, Marekani. Kwa waliojeruhiwa vikali, uwezekano wa kupata mishtuko isiyo na kichocheo ulifikia asilimia 10.0 katika miaka 5 na asilimia 16.7 katika miaka 30. Kwa waliopata majeraha mepesi, ulikuwa asilimia 2.1 katika miaka hiyo 30. Hata katika kundi lililoumia vibaya kuliko yote, basi, zaidi ya watu 8 kati ya 10 hawakupata ugonjwa huu. Hali ilikuwa nzito zaidi kwa majeraha yanayopenya fuvu: Salazar na wenzake (1985) walipochunguza wanajeshi 421 wa Marekani waliojeruhiwa vichwani katika vita vya Vietnam, asilimia 53 walikuwa na kifafa. Lakini hata hapo, karibu nusu hawakuwa nacho. Kwa sababu hiyo, makala hii inatumia istilahi "kipindi cha mabadiliko", ambayo haikanushi shughuli iliyomo wala haiahidi mwisho wake.

3.0 Fundisho la fenitoini

Hakuna mahali ambapo gharama ya kuchanganya kutuliza na kuzuia imeonekana wazi kuliko katika jaribio la Temkin na wenzake, lililochapishwa mwaka 1990. Wagonjwa 404 waliojeruhiwa vikali walipangwa kwa kura: baadhi walipewa fenitoini kuanzia ndani ya saa 24 baada ya jeraha, wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Matibabu yaliendelea kwa mwaka mmoja na ufuatiliaji kwa miaka miwili.

Katika wiki ya kwanza, waliopata mshtuko walikuwa asilimia 3.6 katika kundi la fenitoini na asilimia 14.2 katika kundi jingine. Kama watafiti wangeishia hapo, dawa hii ingetangazwa kuwa kinga. Lakini kuanzia siku ya 8 hadi mwisho wa mwaka wa kwanza, waliopata mshtuko walikuwa asilimia 21.5 kwa waliotumia fenitoini na asilimia 15.7 kwa wasioitumia, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana. Dawa ilituliza mishtuko ya mapema, haikuzuia kifafa. Jaribio la valproeti la mwaka 1999, la watafiti hao hao, nalo halikuonyesha manufaa ya kuzuia mishtuko ya baadaye. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa neva wa Marekani wa mwaka 2003 ulishauri dawa hizi zitumike kwa siku 7 za kwanza baada ya jeraha kali, wala zisiendelezwe baada ya hapo kwa nia ya kuzuia kifafa.

Fundisho hili si kwamba fenitoini ni dawa mbaya. Fenitoini hufunga milango ya sodiamu katika seli za neva zinazofyatuka kupita kiasi. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo huifanya vema. Kosa lilikuwa katika matarajio. Anayezima moshi hajauzima moto. Ikiwa mchakato unaobadilisha ubongo unapita njia nyingine, kufunga milango ya sodiamu hakuugusi.

4.0 Vigezo vya uhakiki

Kutokana na fundisho hilo, uhakiki huu unapendekeza vigezo vinne vya kupimia dai lolote linalosema kwamba molekuli fulani ndiyo chanzo cha kifafa baada ya jeraha.

(a) Kigezo cha wakati: badiliko lazima litangulie mshtuko wa kwanza wa baadaye, lisiwe limeletwa na mishtuko yenyewe.

(b) Kigezo cha kuingilia kati: molekuli hiyo ikizuiwa, kifafa kipungue, ikiongezwa mahali isipokuwepo, kifafa kizuke.

(c) Kigezo cha kuondoa dawa: manufaa yaendelee baada ya dawa kusimamishwa na kuisha mwilini. Yakikoma pamoja na dawa, basi tulituliza, hatukuzuia.

(d) Kigezo cha jeraha: jambo lionekane katika ubongo uliojeruhiwa kweli, na si tu katika ubongo uliotiwa sumu ili upate mishtuko.

Kigezo cha mwisho kinahitaji maelezo. Tafiti nyingi za kimolekuli hutumia kaineti au pilokapini, kemikali zinazomtia mnyama katika mshtuko mrefu usiokatika. Baada ya siku au wiki, mnyama huanza kupata mishtuko yake mwenyewe. Njia hii ni rahisi kwa maabara, kwa kuwa wanyama wengi hupata kifafa kwa muda mfupi. Hata hivyo, binadamu wengi wanaoumia kichwani hawaanzi na mshtuko wa saa nzima. Modeli iliyo karibu zaidi na ajali ni ile ya kugonga ubongo kwa msukumo wa kimiminika. Huko Kuopio, Ufini, Kharatishvili na wenzake (2006) waliitumia kwa panya, wakaona kwamba asilimia 43 hadi 50 tu ndio waliopata kifafa, na kipindi cha mabadiliko kilichukua kuanzia wiki 7 hadi mwaka mzima. Ni rahisi kuona kwa nini maabara nyingi hukwepa modeli hii. Ni rahisi pia kuona kinachopotea inapokwepwa.

5.0 Uhakiki wa madai

5.1 Chuma

Dai la chuma ni miongoni mwa madai ya awali, na kwa kipimo cha urahisi wake ni la kuvutia. Seli nyekundu za damu iliyomwagika ndani ya ubongo huvunjika na himoglobini huachia chuma. Chuma huchochea radikali huru, nazo huharibu mafuta ya utando wa seli. Willmore na wenzake (1978) waliingiza chumvi ya chuma katika gamba la ubongo la wanyama, wakaona mishtuko inayojirudia. Nusu ya pili ya kigezo (b) imetimizwa: chuma kikiongezwa, mshtuko huzuka. Dai hili pia linaafikiana na ukweli wa kitabibu kwamba damu iliyovilia ndani ya ubongo huongeza hatari ya kifafa. Hata hivyo, kuingiza chuma si kujeruhi. Jaribio linaonyesha kwamba chuma *kinaweza*. Halionyeshi kwamba katika ajali halisi chuma *ndicho*. Kati ya kuweza na kuwa ndicho kuna pengo ambalo maandiko mengi huliruka kwa sentensi moja.

5.2 Albumini na TGF-beta

Dai la pili linahusu kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Jeraha hukivunja, na albumini, protini ambayo kwa kawaida hubaki ndani ya mishipa, huvujia kwenye tishu. Ivens na wenzake (2007) walionyesha kwamba albumini huingia ndani ya astrosaiti, seli zinazotunza mazingira ya seli za neva, kupitia vipokezi vya TGF-beta. Astrosaiti zikishaathirika, hupunguza milango ya potasiamu iitwayo Kir4.1. Kila seli ya neva inapofyatuka hutoa potasiamu nje, na ni wajibu wa astrosaiti kuiondoa. Isipoondolewa, potasiamu hujikusanya na kuzisogeza seli za jirani karibu na kufyatuka. Mlolongo huu una sifa nzuri: kila kiungo kinaweza kupimwa.

Una sifa nyingine pia. Bar-Klein na wenzake (2014) walitumia losatani, dawa ya shinikizo la damu inayojulikana hospitalini, ambayo pia huzuia mawasiliano ya TGF-beta katika ubongo. Katika modeli mbili za panya zenye madhara ya mishipa, mishtuko ya baadaye ilizuiwa, na manufaa yaliendelea kwa wiki kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Kigezo (c), ambacho tafiti nyingi hazikigusi, kimejaribiwa hapa. Kinachosalia ni kigezo (d): kuvuja kwa mishipa ni sehemu ya jeraha la ajali, si jeraha zima. Kwa maoni ya mhakiki, hili ndilo dai lenye msingi imara zaidi kati ya yanayohakikiwa hapa, na bado si ruhusa ya kumwandikia losatani mtu aliyeumia kichwa.

5.3 Inflamesheni

HMGB1 ni protini inayokaa ndani ya kiini cha seli. Seli ikiumia, protini hii hutoka nje na kuwa kama kilio cha msiba: seli za kinga hukisikia kupitia kipokezi kiitwacho TLR4. Maroso na wenzake (2010) walionyesha kwamba mawasiliano haya huongeza mishtuko kwa panya, na kwamba kuyazuia huchelewesha mshtuko na kupunguza kujirudia kwake. Waliona pia dalili zake katika tishu za ubongo za binadamu wenye kifafa.

Hapa mhakiki anapaswa kwenda polepole. Kupunguza mishtuko kwa mnyama ambaye tayari ana kifafa ni kutuliza. Hakujibu swali la kuzuia. Tishu za binadamu nazo zilitoka kwa wagonjwa waliokwisha kuugua. Tukikuta inflamesheni humo hatuwezi kujua kama ilileta mishtuko au ililetwa nayo, na huenda yote mawili ni kweli kwa zamu. Kigezo (a) hakiwezi kutimizwa na tishu iliyokatwa miaka mingi baada ya mwanzo. Utafiti wenyewe ni mzuri. Tatizo huja unapotajwa na waandishi wengine kana kwamba umethibitisha asili ya kifafa cha jeraha.

5.4 TrkB, mTOR na matawi mapya

TrkB ni kipokezi cha BDNF, protini inayochochea ukuaji wa seli za neva na kuimarisha sinapsi. Liu na wenzake (2013) walizuia kazi ya TrkB kwa wiki mbili tu baada ya mshtuko mrefu, kisha wakaacha. Wiki kadhaa baadaye, panya hao walikuwa wamekingwa dhidi ya mishtuko inayojirudia. Kwa vigezo (b) na (c) jaribio hili ni la kupigiwa mfano. Linaonyesha kwamba upo mlango wa muda, na kwamba mlango huo unaweza kufungwa. Lakini lilifanywa katika modeli ya kaineti. Kigezo (d) hakikuguswa.

Kuhusu njia ya mTOR, inayosimamia utengenezaji wa protini na ukuaji, somo ni la aina nyingine. Kwa miaka mingi matawi mapya ya nyuzi za neva katika hipokampasi yalidhaniwa kuwa chanzo cha kifafa, kwa kuwa huonekana mara nyingi kifafa kilipo. Buckmaster na Lew (2011) walitumia rapamaisini, kizuizi cha mTOR, wakayapunguza sana matawi hayo kwa panya. Idadi ya mishtuko haikupungua. Jambo lililoambatana na ugonjwa kwa uaminifu wote liliondolewa, na ugonjwa ukabaki. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya "baada ya" na "kwa sababu ya". Haki inataka tuongeze kwamba Guo na wenzake (2013) waliona rapamaisini ikipunguza kifafa katika modeli ya jeraha halisi kwa panya. Kwa hiyo njia ya mTOR haijafutwa. Kilichotiwa shaka ni matawi yaliyodhaniwa kuwa ndiyo kazi yake mbaya.

6.0 Swali lisiloulizwa vya kutosha

Madai yote yaliyohakikiwa yana upungufu mmoja wa pamoja. Damu humwagika kwa majeruhi wengi. Albumini huvuja kwa wengi. Inflamesheni huwapata karibu wote. Lakini kifafa huwapata wachache. Kama kila mmoja amepitia mambo hayo, mambo hayo peke yake hayawezi kueleza kwa nini huyu ameugua na yule hakuugua.

Hivyo, ulinganisho wenye tija si ule wa aliyejeruhiwa na asiyejeruhiwa, ambao ndio umejaa katika maandiko. Ni ule wa waliojeruhiwa sawasawa, mmoja akapata kifafa na mwingine asipate. Wale panya wa Kuopio waliobaki salama, ambao mtafiti mwenye haraka angewaona kuwa hasara, ndio mashahidi muhimu kuliko wote. Mradi wa EpiBioS4Rx, ulioanza kufadhiliwa na taasisi za taifa za afya za Marekani mwaka 2017, umechukua mwelekeo huu kwa kutafuta viashiria kwa wanyama na kwa wagonjwa sambamba. Bila viashiria hivyo, jaribio lolote la kinga litalazimika kuwapa dawa watu wengi wasioihitaji ili kuwafikia wachache wanaoihitaji.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukatai kwamba kifafa kinachofuata jeraha kina chanzo cha kimolekuli. Unakataa haraka ya kukitaja. Kati ya madai yaliyojadiliwa, lile la albumini na TGF-beta na lile la TrkB yamekaribia zaidi kutimiza vigezo, kila moja kwa upungufu wake. Lile la inflamesheni limechanganya kutuliza na kuzuia. Lile la matawi mapya limeyumbishwa na jaribio lililokusudiwa kulipima. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kwa binadamu kwamba huzuia kifafa kisizuke baada ya jeraha la ubongo.

Kwa upande wa Kiswahili, inapendekezwa tutofautishe "dawa za kutuliza mishtuko" na "dawa za kuzuia kifafa", na jina la pili lisitumike mpaka lipate mwenyewe. Pendekezo hili halimhusu mgonjwa ambaye tayari ana kifafa; huyo anazihitaji dawa za kutuliza kila siku, na kuziacha ghafla ni hatari. Linamhusu majeruhi anayeruhusiwa kurudi nyumbani. Yeye na jamaa zake wana haki ya kuambiwa kwa maneno wazi kwamba dawa ya wiki ya kwanza inalinda wiki ya kwanza. Kwamba wengi wa walio kama yeye hawatapata kifafa. Na kwamba mshtuko ukija, hata baada ya miaka, lile jeraha litajwe kwa daktari kabla mtu mwingine hajatafutwa wa kulaumiwa. Maelezo hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji lugha isiyochanganya mambo, nayo ndiyo kazi ya mhakiki.